Job Mayaka Ashuka Kwenye Tinga

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, Job Mayaka anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Wajenzi wa Kuja kwa miaka ishirini na minne. Muda wote huo ameendesha tinga moja tu. Ofisi ilijaribu mara mbili kumpa jingine. Mara zote mbili alishukuru, akaenda kulitazama, akarudi kwa lile lake.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawajaliona: ni tinga dogo la manjano, lenye koleo la kupakia mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Lilitufikia kutoka mashamba ya chai ya Kericho likiwa tayari limechoka. Sifa yake ni wembamba. Linapita katikati ya maduka ya Migori, pale ambapo matinga makubwa hukwama na kuondoka na ukuta wa mtu. Misingi ya maduka mengi kando ya barabara ya Isebania, mitaro ya maji ya Kendu Bay na mashimo ya vyoo vya shule kadhaa kule Homa Bay ilichimbwa na mkono ule, Mayaka akiwa juu ya kiti alichokishona upya mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe.

Mwaka 1991 gia ya kurudi nyuma ilikufa, na kipuri kikakawia kufika. Mayaka hakulalamika. Alipanga kazi zake kwa namna ya kutohitaji kurudi. Ilipombidi, aligeukia nyuma, akaushindilia mkono wa kuchimba ardhini, akalivuta tinga zima kinyumenyume kama mtu anayesogeza kochi sebuleni. Watu wa Oyugis walidhani ndivyo lilivyotengenezwa. Gia mpya ilipofungwa, baadhi yao walisikitika.

Miaka mitatu baadaye mvua ilibeba daraja dogo kwenye njia ya Kendu Bay, na ng'ambo kulikuwa na harusi. Mayaka alimvusha mchungaji ndani ya koleo la mbele, juu ya turubai safi, mwavuli ukiwa wazi. Sheria za kampuni zinakataza kubeba watu kwenye koleo. Msimamizi wetu, Bwana Onchiri, alimpa onyo palepale, kisha akauliza kama kuna nafasi, kwa kuwa naye alikuwa amealikwa.

Hata hivyo, siwezi kuandika habari za Mayaka nikaiacha ile Jumamosi ya Novemba 1997, wakati wa mvua za El Niño.

Mayaka ni Msabato, na Jumamosi tinga hupumzika pamoja naye. Siku hiyo lilikuwa limeegeshwa nyuma ya maduka, hapa Migori, karibu na mtaro mrefu wa maji taka tuliokuwa tukiuchimba. Mwikwabe, fundi wetu wa mawe, alishuka mtaroni peke yake kuchukua pima maji yake ya kusawazishia mawe aliyoisahau. Udongo ulikuwa umelowa wiki nzima. Upande mmoja wa mtaro ukamwangukia, ukamfunika hadi kifuani. Upande wa pili ulibaki umesimama, ukiwa na ufa ulioweza kupitisha mkono.

Watu walikimbia na majembe, lakini kila aliyekaribia aliona ule ufa ukipanuka, akarudi nyuma. Onchiri alikwenda mbio kanisani. Ibada ilikuwa imefika katikati. Aliinama kwenye benchi la Mayaka, akamnong'oneza, "Ndugu Mayaka, Mwikwabe amefukiwa mtaroni."

"Anaongea?" Mayaka akauliza.

"Anaongea."

"Basi mwambieni aendelee."

Alitoka akiwa na suti yake ya kijivu na Biblia kwapani. Alipofika hakupanda tinga mara moja. Alitembea kando ya mtaro, mbali na ukingo, akiukanyagakanyaga udongo. Mimi nilikuwa nimefungua stoo, na aliniomba mbao ndefu zote. Nyingine alizilaza chini ya magurudumu ili uzito usielemee mahali pamoja. Nyingine aliwaambia watu waziteremshe kwa kamba zisimame kwenye ule upande wenye ufa. Kisha akaliwasha tinga, akaunyoosha mkono wa kuchimba taratibu, akaegemeza ndoo yake kwenye zile mbao na kuusukuma ukuta usianguke.

Tatizo lilikuwa moja, na sote tulilijua. Mkono ule ulikuwa unavuja oili. Ukiuachilia, ulilegea wenyewe. Kwa hiyo mtu alipaswa kukaa pale juu akiishika ile fimbo ya kuuongoza, akiurudisha mkono kidogokidogo kila unapotaka kulegea. Akizidisha, angeuvunja ukuta. Akipunguza, ungemwangukia Mwikwabe pamoja na wale wanaomchimbua.

"Shukeni," Mayaka akasema. "Mikono na sufuria tu. Msitumie jembe."

Walishuka wanaume wanne, Onchiri akiwa wa kwanza. Mvua ikaanza tena. Mwikwabe, kama alivyoagizwa, aliendelea kuongea. Aliulizia pima maji yake. Halafu akamwona mmoja wao akiikaribia kamba ya vipimo aliyokuwa ameifunga siku iliyotangulia.

"Kamba hiyo usiiguse," akamwambia. "Nimeshapima."

Juu ya tinga, Mayaka hakumtazama hata mara moja. Alikuwa akitazama ufa.

Mchana ulikuwa umesonga sana walipompandisha Mwikwabe, mguu mmoja umevunjika. Wale wanne walipokwisha kupanda, Mayaka aliurudisha mkono wa tinga. Ukuta ulianguka papo hapo, ukazifukia mbao zangu. Mayaka alizima injini, lakini hakuweza kufungua vidole. Onchiri ndiye aliyevibandua kwenye fimbo, kimoja kimoja.

Baadaye nilimuuliza alikuwa akiwaza nini. "Niliogopa kukohoa," akasema.

Jioni ile alirudi kanisani, akaketi benchi la nyuma, matope hadi magotini. Mzee wa kanisa alimwomba atoe ushuhuda. Mayaka alisimama, akasema, "Udongo ulikuwa mbichi," akaketi. Mwikwabe bado yuko nasi. Anachechemea kidogo, na anaongea vilevile.

Tinga sasa litaendeshwa na Bwana Okari, aliyekuwa dereva wa lori letu la kokoto. Yeye na Mayaka wamekaa pamoja mwezi huu mzima. Okari ananiambia kwamba katika siku zote hizo alipewa fundisho moja tu kwa maneno: "Ukiona watu wamenyamaza, zima injini."

Mayaka anarudi kwao Nyamira kwa mkewe, Mama Trizah, ambaye kwa miaka mingi amemlea mume anayenuka dizeli. Sasa mama huyo anataka bwawa la samaki. Mayaka amekwisha kulipima eneo. Anasema litachimbwa kwa jembe, polepole, na hataki haraka ya mtu.

Ndugu Mayaka, wote wa Kuja tunakushukuru. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba tunakutakia udongo mwepesi, lakini Onchiri amesoma akasema maneno hayo yanafaa mazishini. Basi tunakutakia afya, samaki wanono na Sabato nyingi zisizokatizwa na mtu yeyote.

Leonida Ogeto, Stoo