Sura ya Mama Niliyoitafuta kwa Mkaa

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Mimi naitwa Masika, nakaa hapa Bwera, na leo siwezi kunyamaza.

Ndugu zangu, kabla ya mafuriko sikuwahi kushika brashi. Nilikuwa nauza maharage sokoni. Siku mto ulipofurika nilikuwa kwenye biashara. Niliporudi sikukuta nyumba, sikukuta mama. Mwili tuliupata, tukazika. Picha zake zote zilikwenda na maji.

Nililia mpaka nikazoea. Lakini siku moja nilifumba macho nimwone mama, nikakosa sura yake. Haipo! Hapo ndipo nilipomkasirikia Mungu. Nilimwambia, "Umechukua mama, na sura yake pia?" Nikaacha kanisa.

Nikachukua mkaa, nikaanza kumchora kwenye ukuta wa chumba nilichopanga baada ya mafuriko. Hakuna aliyenifundisha. Ikatoka sura ya mtu mwingine kabisa! Nikafuta, nikachora tena. Majirani wakasema, "Masika kichwa imeharibika." Waseme! Niliapa sitaacha.

Nikaanza kutazama watu. Sokoni nilimwona mwanamke mwenye paji la uso kama la mama. Kule Mubuku, kati ya wanawake wanaopalilia mpunga, mmoja alicheka akiinamisha kichwa kama mama. Mchora mabango mmoja wa mji wa Hima alinipa mabaki ya rangi, nikayachanganya na udongo mwekundu mpaka nikapata rangi ya ngozi ya mama.

Na ndugu zangu, kadiri nilivyozitazama nyuso, hasira ilipungua. Mungu ameumba kila uso kivyake! Nikajikuta naomba huku nachora.

Basi mama mdogo, mdogo wake mama, akaja kutoka Kitswamba. Sikuwa nimemwambia kitu. Alifika mlangoni, akaona ukuta, mzigo ukamponyoka.

"Yaya!" akaita, vile alivyozoea kumwita dada yake. "Yaya, kumbe we iko hapa!"

Akaligusa shavu, rangi ikiwa bado mbichi. Tulikaa chini tukalia, kisha tukaimba. Jumapili nilirudi kanisani.

Leo nawachorea wengine waliopoteza picha za watu wao. Wananisimulia, nachora, tunaomba pamoja. Asante Yesu!

Ndugu yangu, kama umemkasirikia Mungu, mwambie. Usimnunie. Mimi nilimfokea, na hakunifukuza. Inuka, njoo hapa mbele. Tutaomba na wewe sasa hivi.