Maisha ya Kaka Yetu Mpiga Picha wa Miamba, na Kipande cha Ishirini na Saba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama huko nje kwa kukosa viti, nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi majokofu, elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikijikwaa katika kusoma mnivumilie. Kazi hii niliikataa mara mbili, sababu mtaisikia mbele, na ninayoyasoma shemeji yangu ameyasikia yote jana akaniruhusu.

Kaka yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Juni 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi, chumba cha mwisho, kile kilichokuwa na dirisha la upande wa bahari, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu mpima mizani na mama yetu mshonaji, nami nikamfuata miaka saba baadaye. Ufuo ule ambao wengi wenu mmeukanyaga ndio uliokuwa uwanja wetu wa kuchezea, mchanga mweupe, na miamba ya rangi iliyokaa kwa mafungu, ya kutu, ya manjano, ya kijani, ya zambarau, na mwamba mmoja uliolala chini kama mkeka uliotandikwa, wenye mistari, ambao sisi tuliuita Mkeka, na kaka alikuwa akiiruka mistari yake mmoja mmoja huku akihesabu kwa sauti.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 akamaliza Novemba 1970, akachaguliwa kuendelea, lakini mwaka huohuo baba aliumia mgongo kiwandani, kaka akabaki nyumbani, na sijawahi kumsikia akilalamika kwa hilo, ingawa mimi niliyebaki shuleni kwa jasho lake sikusoma kwa bidii, Mungu anisamehe.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliingia kujifunza kazi katika studio ya picha iliyokuwa nyuma ya soko, akianza kwa kufagia na kukunja lile pazia lililochorwa maua, kisha akaruhusiwa kuingia chumba cha giza, akajifunza kusafisha picha, na tarehe 12 Septemba 1981 akafungua studio yake mwenyewe, ile yenye mlango wa bluu, ambayo nusu ya watu walio hapa wana picha yao ya paspoti iliyotoka humo. Jina la Subiri mlimpa ninyi wenyewe, kwa sababu hakuwa anabonyeza kamera mpaka wingu lipite, nakumbuka harusi moja bibi harusi alimpigia kelele mbele ya wakwe, "We Subiri, tutazeekea hapa!" naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Mkizeeka nitawapiga nyingine, tulia shingo." Huyo bibi harusi namwona pale mstari wa pili, amezeeka kweli, na picha bado anayo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983 na shemeji yetu huyu, karani wa posta, aliyekuja studio kupiga picha ya kitambulisho akaambiwa arudi mara tatu kwamba picha haikutoka vizuri, na ilikuwa imetoka vizuri tangu ya kwanza. Mungu aliwajalia mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1985, ambaye ni mwalimu, na wa pili mwaka 1989, ambaye ni mfamasia na ndiye aliyekuwa akimtilia baba yake dawa ya macho.

Jumatatu studio ilifungwa, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya ufuoni. Wengi mlizisifu picha zake za miamba mkadhani ni ujanja wa kamera, lakini siri yake ilikuwa ndoo. Mwamba ukikauka huwa umepauka kama sufuria la zamani, ukilowa ndipo rangi yake inatoka, basi yeye alisubiri maji yatoke kabisa, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, halafu mimi nikaambiwa niteke maji na kuumwagia mwamba kuanzia juu, taratibu, bila kuacha mahali pakavu. Kazi yangu ilikuwa hiyo kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba nilikuwa namwaga maji huku nikitazama saa.

Tarehe 4 Mei 2009 alikwenda kliniki ya macho kwa sababu alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango, akapimwa, akaambiwa ana presha ya macho ya muda mrefu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la kungojea kwa saa sita akiwa anatazamana na ukuta mtupu wa kijivu, na aliporudi nyumbani neno la kwanza kumwambia mkewe halikuwa la ugonjwa, alisema, "Mtu anangoja kuambiwa kama ataendelea kuona, halafu wanampa ukuta!" Wiki iliyofuata alirudi na futi, akaupima ukuta ule mbele ya muuguzi mkuu, akamwekea ahadi kwamba ataujaza ufuo wetu wote, kutoka ncha ya kwanza hadi ya mwisho, vipande thelathini na kimoja vilivyoungana, ili anayengoja apate kitu cha kutazama.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka saba akikimbizana na macho yake mwenyewe, na sisi tulikuwa tunatazama tu, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Mwaka 2013 aliacha kusoma, mwaka 2015 alikuwa anapanga kamera kwa kuhesabu hatua na kuniuliza, "Lile la kijani limelowa lote, au umelionjesha?" na kufika Novemba 2016 alikuwa na vipande thelathini, na macho hana. Kilichobaki ni cha ishirini na saba, ambacho ni Mkeka. Utotoni mwetu ulikuwa wazi kila mwaka, kaka hakuwahi kuupiga picha akisema upo tu, hauendi popote, kisha mchanga ukahama ukaufunika, na tangu mwaka 2007 hakuna aliyeuona.

Kuanzia hapo akawa ananipigia simu kila Jumatatu na kuuliza, "Mdogo wangu, Mkeka umefunuka?" nami nilikuwa nakwenda, naona mchanga, namwambia bado. Kwa miaka karibu mitano nilikwenda. Jumatatu ya tarehe 16 Agosti 2021 sikwenda, nilikuwa buchani natengeneza friza, simu ilipoita nikamjibu nikiwa nimekaa palepale kwenye stuli, "Bado, kaka, mchanga uko vilevile." Jumamosi nilipopita ufuoni kwa shughuli zangu, mama anayeuza chai pale aliniita, "Baba, mbona hamkuja? Lile jiwe lenu lilikuwa wazi siku nne nzima, safi kama sakafu iliyopigwa deki!" Nilikimbia, umri huu, nikakuta kipande cha ukubwa wa sinia, na kabla sijapata pa kuazima ndoo maji yalikwisha kurudi na mchanga wake.

Sikuweza kumwambia. Jumatatu tarehe 23 Agosti nilichukua kamera yake, nikaulowesha mwamba mwingine wenye mistari, nikaupiga, nikaenda na picha nyumbani kwake na kumwambia Mkeka umepatikana. Alikaa wima kwenye kiti, shemeji alikuwepo, kaka akaniuliza, "Ina mistari mingapi?" nami nikasema saba. Akasema, mkono wake ukiwa juu ya meza, "Haya, asante, mdogo wangu, umepata shida." Hakunipigia tena Jumatatu, nami nikajidanganya kwamba ameridhika.

Tangu siku ile nimekwenda ufuoni mara sitini na mbili, mara tatu nikiwa na koleo, nimechimba mpaka kiunoni, na kila nikitoa mchanga unateremka mwingine, maji yakija yanalainisha pale nilipochimba hata mimi mwenyewe sipaoni. Nimeomba kwa sala na kwa kufunga. Mchanga haunisikii.

Tarehe 3 Februari 2022 kaka alianza kuvimba miguu, akapimwa na kuonekana moyo umetanuka, akalazwa mara nne, madaktari wakapunguza maji mwilini yakarudi, wakapunguza tena yakarudi, mpaka Jumanne tarehe 18 Oktoba 2022, saa tano asubuhi, alipoitwa na Muumba wake, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono, akiwa na miaka sitini na sita, miezi minne na siku tisa.

Juzi tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, maana yeye aliyetupiga sote hakuwa na picha ya kwake zaidi ya hii ya paspoti, tulifungua sanduku la vipande vya ukuta, vimepangwa na kuandikwa namba nyuma. Picha yangu ya uongo haikuwemo. Mahali pa ishirini na saba palikuwa na karatasi nyeupe iliyokatwa kwa kipimo kilekile, na nyuma yake mwandiko wa shemeji, tarehe 23 Agosti 2021, jioni ya siku ileile, maneno ya kaka: "Nafasi ya Mkeka. Mistari tisa. Mdogo wangu ataupiga ukifunuka."

Muuguzi mkuu amesema vitundikwe hivyohivyo, na karatasi nyeupe mahali pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo na wa kliniki ya macho, majirani waliotupikia na kutuazima viti, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, na mama wa chai, ambaye amefunga banda lake tangu asubuhi na ameahidi kunipigia simu, iwe siku yoyote, saa yoyote. Nami pia, niombeeni.

Kaka, pumzika kwa amani. Ndoo iko kwangu.