Muzee Opanas, Mkimbizi wa Ulaya Aliyekimbilia Goma

Wasikilizaji wapendwa, habari zenu huko Katindo, huko Munigi, na nyinyi mlio njiani na mizigo yenu. Kama sombe iko motoni, punguzeni makaa kidogo, mkae tusikilizane. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwona, lakini jina lake hamkulijua. Ni yule mzungu mzee wa Katindo, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Wengine mlimwita Mrusi. Wengine mlinong'ona kwamba ni mamluki, na miaka themanini yake ile, magoti yakimuuma. Hakuwa Mrusi, na mamluki hakuwa. Jina lake ni Opanas Koval, na alikuwa mkimbizi.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Mkimbizi kutoka Ulaya, aliyekimbilia Goma. Sisi tumezoea kukimbia wenyewe, na tumezoea kukimbiliwa. Lakini mtu wa kuitoroka vita ya Ulaya akaja kutafuta amani kwetu, huyo alikuwa mgeni machoni petu, na mnajua jinsi mji huu unavyopenda kucheka. Muzee Opanas amefariki mwezi huu, kitandani pake, nyumbani kwa binti yake Halina na mkwe wake Josias. Na maisha yake siwezi kuyasimulia bila kumsimulia Josias, maana kati ya watu hawa wawili kulikuwa na swali moja. Swali hilo lilikaa miaka thelathini na moja bila jibu.

Docteur Josias mnamjua, hasa nyinyi mnaofuga ng'ombe. Ni mtoto wa Butembo. Kijana alikwenda Bujumbura kwa mjomba wake, na huko akapata bourse ya kwenda kusoma udaktari wa mifugo katika mji wa Kharkiv. Siku hizo mji ule ulikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Leo ni Ukraine. Alipofika, mwaka wa 1986, alikuta picha kubwa ukutani: Mwafrika, Mwasia na mzungu wameshikana mikono, wote wanacheka. Watu walimpisha kwenye foleni. Mama mlinzi wa bweni alimpa soksi nene za sufu na kumkemea asitoke kichwa wazi.

Kisha serikali ile ikaanza kuyumba, na mwaka wa 1991 ikaanguka. Maduka yakawa matupu. Viwanda havikulipa. Na watu walewale, wasikilizaji, si wengine, wakabadilika. Ndani ya basi, kiti cha pembeni ya Josias kilibaki wazi hata watu wakisongamana. Sokoni bibi mmoja alimwambia, "Mmekula mkate wetu, sasa rudini kwenu." Josias alikuwa amekuja kununua viazi tu. Mama mlinzi wa bweni hakubadilika, na hilo Josias analitaja kila mara, ili tusiwaweke wote kapu moja.

Katikati ya baridi ya mwaka huo, Josias alikuwa amempenda Halina, mwanafunzi mwenzake. Halina akampeleka kwao ajulikane kwa wazazi. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana mambo yote yanatoka hapa.

Kwao Butembo, Josias alifundishwa kwamba kijana haingii nyumba ya mkubwa kabla hajaambiwa ingia. Anabaki nje. Anainama kidogo. Anatoa mkono wa kuume, na wa kushoto unashika kiwiko. Hivyo ndivyo alivyofanya. Mlango ulifunguka, na Opanas, fundi wa kiwanda cha trekta, akasimama ndani. Josias akiwa nje akanyoosha mkono juu ya kizingiti, kwa heshima yake yote. Opanas akautazama mkono ule. Hakuupokea. Akageuka, akarudi kukaa mbele ya televisheni. Mlango ukabaki wazi, theluji ikiingia, mpaka mama ya Halina alipokuja kumvuta kijana ndani kwa mkono wa koti.

Usiku ule Halina alimweleza. Kwao watu hawasalimiani juu ya kizingiti, inaleta mkosi na ugomvi. Unaingia kwanza, au mwenye nyumba anatoka. Josias alijibu, "Basi angenivuta ndani."

Je, ni kizingiti, au ni ngozi? Hilo ndilo swali. Josias hakumuuliza mtu. Walifunga ndoa mwaka uliofuata, Opanas hakufika. Mwaka wa 1993 wakaja Goma, na swali likaja nao.

Ya hapa mnayafahamu. Mwaka wa 1994 wakimbizi walipojaa mji, Halina alikuwa anabeba maji kwenye bidoni mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, na watu wakaacha kumwita muzungu, wakamwita Mama Halina. Vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Mwaka wa 2002 lava ikaila nyumba yao, wakajenga nyingine. Huko Kharkiv mama ya Halina akafariki. Opanas akabaki peke yake, na simu ya Jumapili. Binti yao, Élodie Masika, anakumbuka simu zile. "Babu alikuwa anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anauliza masomo yangu," anasema. "Papa yangu, hakumuulizaka hata siku moja. Miye nilizania ni vile bazee ba kule beko."

Halafu ikawa 2022. Mabomu yakaanguka Kharkiv. Muzee Opanas akawa analala chini ya ardhi, kwenye kituo cha treni, na kofia yake. Halina hakula, hakulala. Hakuwa na ndugu mwingine. Siku hizohizo Josias aliona kwenye simu wanafunzi Waafrika wakilalamika kwamba wanasukumwa nyuma mpakani mwa Ukraine, wazungu wakipandishwa treni kwanza. Aliizima simu. Halina alimtazama, hakuomba.

Mwisho Josias akasema, "Akuje. Lakini miye sitaenda kumupokea ku barrière."

Alikwenda mpakani, bila shaka. Alikwenda akiwa amenuna, akasimama pembeni ya gari na mikono mfukoni. Muzee akavuka mpaka na begi moja, amekonda. Akamwambia Josias neno moja la kwao, "Asante," akaingia kwenye gari. Miezi ya kwanza waliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Yule asubuhi anakaa barazani, huyu jioni.

Na sisi majirani tulimkaribishaje? Tuseme ukweli. Watoto walimfuata wakiimba muzungu. Waendesha pikipiki walimpigia honi, "Mrusi, Mrusi," yeye anatikisa ngumi. Dukani bei yake ilikuwa bei ya peke yake. Siku moja mtu alimwambia Halina amfiche baba yake ndani, ataleta matatizo ku avenue. Muzee alipoelezwa, alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Sasa na mimi napandishiwa bei ya viazi."

Mwishoni mwa mwaka huohuo vita vikafika Kibumba. Na hapa anaingia Mama Mukamugema. Yeye ni mkulima wa Kibumba, mjane, na kwao wanazungumza Kinyarwanda, lugha iliyomfanya mtu ashukiwe ni wa waasi siku zile. Miaka mingi alikuwa akimletea Halina mashu, kabichi zile kubwa za Kibumba mnazozipenda. Sasa alifika bila mashu, na godoro kichwani. Halina akamfungulia chumba cha nyuma.

Majirani walikuja siku ya tatu. Mbele alikuwa Guylain, jirani mwema, tusimdharau, aliyekuwa amepoteza kaka yake vitani. Walikaa uani. Guylain akasema taratibu, "Papa Josias, huyu mama unaweka kwako, unajua luga yake. Batu beko banasema. Umupeleke kwa benzake ku kambi, Munigi kule. Si juu ya ubaya. Ni juu ya usalama ya sisi bote."

Na Josias, wasikilizaji wapendwa, Josias yule aliyeachiwa kiti kitupu ndani ya basi, akaogopa. Aliwaza nyumba yake, aliwaza Élodie. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema sawa, nitamwambia kesho. Mama Mukamugema alikuwa dirishani, anasikia kila kitu.

Hapo Muzee Opanas akainuka kwenye kiti chake barazani. Hakuna aliyemtafsiria. Alimsemesha Josias kwa lugha ya kwao, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Alisema hivi:

"Josias. Lugha yao siielewi. Lakini sura hizi nazijua. Mimi nilikuwa nayo sura hii. Waambie."

Josias hakuwaambia mara moja. Muzee akaendelea. "Zamani kwetu tuliamriwa kupenda watu wa dunia nzima, kama tulivyoamriwa kufagia barabara Jumamosi. Siku wakubwa walipoondoka, tuliacha kufagia, na kupenda tukaacha. Mshahara ukakosekana. Tukatafuta wa kulaumu, na aliyekuwa rahisi kuonekana ni mgeni. Hakuwa ametuchukulia kitu. Waambie hivyo."

Josias akawatafsiria. Alipofika kwenye Jumamosi, mzee mmoja akaikumbuka ile kazi yetu ya lazima ya usafi, akasema, "Kumbe na bo balikuaka na Salongo." Wakacheka, hata Guylain akacheka kidogo. Kisha Guylain akatazama dirishani, akamwona Mama Mukamugema. Akauliza, "Iko na watoto wangapi?" Josias akajibu, "Alizika babili. Mumoja haonekani." Guylain akasema, "Ni sawa. Abaki." Si wote walioridhika. Kuna nyumba moja iliacha kumsalimu Josias kwa mwaka mzima. Lakini Mama Mukamugema alibaki.

Majirani walipoondoka, Josias hakuingia ndani. Alisimama mbele ya mkwewe na kulitoa swali lake. Hakulizungusha. "Ile siku mlangoni kwako. Ilikuwa kizingiti, au ilikuwa ngozi yangu?"

Halina alikuwa anakusanya viti. Alisimama.

Muzee akavua kofia yake. "Ilikuwa ngozi yako," akasema. "Kizingiti kilinisaidia tu. Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kukuvuta ndani. Niliwaza wenzangu wa kiwandani watasema nini. Ulikuwa umetoa mkono vizuri, na nilijua umeutoa vizuri. Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi, ninaelewa."

Halina alilia kwa hasira, akaingia ndani, na kwa wiki moja hakumwandalia baba yake chai. Lakini Josias, anavyonisimulia mwenyewe, alilala usingizi mzito usiku ule. Angeambiwa ni kizingiti, asingeamini, na wangeendelea kuishi kama wapangaji. Sasa alikuwa amejibiwa. Asubuhi alimpelekea muzee chai yeye mwenyewe, wakanywa wote wawili barazani mpaka chupa ikaisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, ndani ya mji uliojaa mahema na sauti ya mabomu kutoka milimani. Ninasema mizuri na ninajua ninachosema. Muzee na Mama Mukamugema walilima mashu na bitiruti nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwembamba juu ya lava. Yule anachimba anavyojua, huyu anachimbua na kuchimba upya. Muzee alichachusha mashu kwenye bidoni, kwa desturi ya kwao, na harufu ikafika kwa Guylain. Guylain alikuja kulalamika, akaonja, akaondoka na bakuli. Mama Mukamugema anasema, "Yeye alikuwa ananisemesha kikwabo, miye namujibu mu Kinyarwanda. Tulikuwa tunagombana bizuri kabisa."

Na Josias? Jumamosi alimpandisha muzee kwenye gari waende kutazama ng'ombe. Wafugaji waliuliza huyu ni nani. Mara ya kwanza Josias alisema ni mukwe. Mara nyingine alisema ni fundi wa trekta, na muzee akaonyeshwa mashine zote mbovu za eneo lile.

Aliugua mapafu, hakuteseka muda mrefu. Josias ndiye aliyemwosha. Guylain na vijana wa avenue walibeba jeneza. Padri aliomba kwa Kiswahili, Halina kwa kikwao, Mama Mukamugema kwa Kinyarwanda, na hakuna aliyeuliza Mungu anasikia ipi.

Kabla ya mazishi Josias alikuja hapa studioni kuleta tangazo la kifo, kama mnavyoyaleta nyinyi wote. Nilimuuliza maswali ya kawaida. Jina la marehemu, umri, mahali pa kilio. Kisha nikauliza, "Na wewe, Docteur, ni nani wake?" Nilikuwa nimeshaanza kuandika mukwe.

Akaniambia, "Futa. Andika mutoto."

Nikamwambia watu watashangaa, wanajua jinsi ilivyokuwa kati yenu. Akasema, "Najua vile ilikuwa. Naye alijua, na alinisemea wazi. Andika mutoto wake." Nikaandika.

Wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Ninawaomba tu, usiku huu, mumfikirie yule mmoja ambaye mtaa wenu unamsema. Mnamjua ni nani. Muulizeni ana watoto wangapi.

Kwako Mama Halina, pole sana. Kwako Élodie, mjukuu, pole. Mama Mukamugema, pole kwa kuondokewa na rafiki. Na kwako Docteur Josias, kwa niaba ya mji wa Goma, pole kwa kufiwa na baba yako.