Joho la Mchungaji

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi cherehani alimwambia muuguzi aliyekaa naye kwamba yeye husali akishona. “Juzi, dada yangu, nikafumba macho nimwombee mchungaji. Kufumbua, nimeushona mkono wa joho lake ukaziba!”

“Jumapili akafanyaje?”

“Akatubariki kwa mkono mmoja.”

Muuguzi alicheka mpaka akajifuta machozi. “Mimi huomba macho wazi, hata nikidunga sindano. Kazi nayo ni ibada, mama.”

“Nikiyafungua naona kasoro za watu, naanza kusengenya.” Hapo nilimwelewa sana.

Basi likasimama sokoni. Kondakta akaita mara mbili. Fundi, aliyekuwa amemwambia kondakta kuwa atashuka hapo, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Sikujua nimguse, au nimwachie Mungu amshushe.