Kimya cha Mstari wa Tatu

Ukuta wa boma la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Arusha hutoa kivuli kizuri asubuhi, na kwenye kivuli hicho kuna gogo lililolainishwa na makalio ya wanaume wasio na haraka. Hapo ndipo Magdalena, mjane wa Kimeru, huuza kahawa. Kila siku huja na kapu kichwani: birika, vikombe na mafiga yake matatu, maana mji huu hata jiwe la kupikia ukiliacha utalikuta kwa jirani. Siku hiyo wazee wa gogo walikuwa wanabishania wimbo, ule ambao Jumapili Wameru na Waarusha huuimba wamesimama. Nani aliutunga?

— Mzungu wa misheni, alisema Saruni, aitwaye Bwana Shauri kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kulifanyia baraza. Aliugua homa akauota.

— Mzungu gani wa kuimba habari za kupanda mlima kwa miguu? alidakia Meitamei, ambaye huvaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, na jina lake ni hilohilo, Kofia Mbili. Wimbo ule ni wa babu yangu.

— Babu yako alikufa kabla ya misheni kufika.

— Ndiyo maana nakwambia alikuwa mtu wa mbele.

Magdalena alimimina kahawa, akichekea tumboni. Wiki iliyopita, kwa maneno yao, wimbo huo ulitungwa na malaika aliyetua kileleni mwa Meru. Aliwaacha waseme. Wimbo ulikuwa wake, lakini ulizaliwa kwenye kazi ya shuruti, na aliogopa wazee wa kanisa wangesema wimbo wa shuruti hauingii nyumbani mwa Mungu. Kuusikia ukiimbwa kulimtosha.

Akatokea kijana mgeni, karatasi kwapani.

— Shikamoo, mama. Shikamooni, wazee. Mimi ni Mwalimu Nathanaeli. Tunachapisha kitabu cha nyimbo, na karatasi hizi zinaondoka leo mchana kwenda Moshi. Nina swali moja tu.

— Uliza, mwanangu, alisema Bwana Shauri. Umefika penyewe.

— Mstari wa tatu, mkishasema "ukiinama nami", kanisa zima linanyamaza, ndipo mnaendelea. Kwa nini?



— Heshima kwa marehemu, alijaribu Bwana Shauri.

— Marehemu gani? Mtungaji alikuwa na kikohozi, alisema Kofia Mbili.

— Yaani babu yako?

— Alikohoa sana, maskini.

Mwalimu akatabasamu, akalowesha ncha ya penseli ulimini.

— Basi hamjui. Nitakifuta hicho kimya, wimbo utiririke vizuri.

Magdalena akageuka ghafla, kahawa ikamwagikia goti la Kofia Mbili. Mjane alikuwa amekasirika. Miaka yote alinyamaza, akidhani hakuna kitu cha kupoteza.

— Kahawa imeisha, alisema.

Birika lilikuwa bado nusu. Akaimwaga iliyobaki juu ya moto, akapoza mafiga kwa maji ya kuoshea vikombe, akayapanga kapuni. Wazee wakainuka kumtwika kama kawaida yao.

— Leo si nyinyi. Mwalimu, shika upande huo.

Mwalimu akaweka penseli sikioni, akainama. Magdalena akainama upande wa pili, akaimba kwa sauti yake kavu:

— *Bwana, jua limechomoza,*
*njia yangu ni mlima,*
*nawe ukiinama nami...*

Akanyamaza. Kapu likapanda, wote wawili wamebana pumzi, likakaa kichwani mwa Magdalena.

— *...nitafika juu.*

Mwalimu alibaki ameinua mikono.

— Ukiimba wakati wa kuinua, mikono inalegea, alisema Magdalena. Mawe ya ukuta huu tuliyabeba sisi. Mimi nilipangwa pamoja na Nanyori, Mwarusha. Kwao walizoea mizigo ya mgongoni, nikamfundisha ya kichwani. Sikujua Kimaa, lugha ya kwao, yeye hakujua Kimeru. Kwa Kiswahili hiki cha kuokoteza nikatunga hayo maneno, tuinuke pamoja. Pale kwenye kimya nilikuwa namngoja. Alizikwa ukuta haujafika dirishani.

Bwana Shauri alikuwa anautazama ukuta ambao ameuegemea miaka mingi, kana kwamba umejengwa jana.

— Kwa hiyo Jumapili..., alianza Mwalimu.

— Jumapili kanisa zima linamngoja Nanyori. Sasa futa, kama unaweza.

Mwalimu akapiga goti, akaandika kituo kikubwa kwenye mstari wa tatu, akakikoleza mara mbili.

— Na jina la mtungaji, mama?

— Weka mawili. La Nanyori litangulie.

Kofia Mbili akavua zote mbili. Magdalena akashika njia, shingo imenyooka, mawe matatu kichwani, na hakulishika kapu kwa mkono hata mara moja.