Fundi Spana na Mwaka Mzito wa Klabu ya Ghalani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje asikilize.

Leo tunamkumbuka fundi baiskeli. Watu walimwita Spana. Miaka ishirini na miwili alikuwa kocha wa mpira wa miguu wa klabu ya mtaa wake. Spana alifariki wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Ameacha mke na mabinti wawili.

Nimekaa na mkewe. Nimekaa na watu wa klabu. Nimekaa pia na mama mmoja ambaye sikutegemea angekubali kuniona. Mtamsikia.

Kwanza, klabu yenyewe. Watu wanaiita Ghalani, kwa sababu ukumbi wake zamani ulikuwa ghala. Ni chumba kirefu chenye paa la bati. Upande mmoja kuna meza ya drafti na wazee wanne ambao, kwa maelezo yao wenyewe, hawajawahi kushindwa. Upande wa pili akina mama wa netiboli wanaweka mipira yao. Nyuma kuna uwanja wa vumbi. Mtu akifiwa, viti vinatoka Ghalani. Mtu akiozesha, vikao vinafanyika Ghalani. Hata wasiojua mpira ni wa kupigwa teke au kumenywa, ni wanachama wa Ghalani.

Spana alifika mazoezini kila jioni na mikono myeusi ya grisi, spana namba kumi na tatu ikiwa kwenye mfuko wa nyuma. Akitaka kumwonyesha mchezaji mahali pa kusimama, anamwonyesha kwa spana. Mzee mmoja wa drafti aliniambia, "Mwanangu, yule bwana alikuwa mkali, lakini timu yake ilifungwa kwa adabu."

Mwaka huu ulianza vizuri. Januari walishinda mechi tatu mfululizo. Kulikuwa na winga wa kulia, kijana wa miaka kumi na tisa, jezi namba saba. Jina lake la uwanjani lilikuwa Upepo. Na mnajua kwa nini aliitwa hivyo.

Jumamosi ya pili ya Februari, wasikilizaji wapendwa, Upepo alianguka uwanjani.

Ilikuwa kipindi cha pili. Hakuguswa na mtu. Mpira ulikuwa upande wa pili kabisa. Alipiga hatua mbili, akapiga magoti, akalala kifudifudi. Wenzake walidhani anatania. Walimbeba kwenye gari la muuza matofali, wakakimbia naye. Hakufika hospitali akiwa hai.

Mama yake Upepo ni fundi cherehani. Anashona sare za shule. Ni mjane, na alikuwa na watoto wawili wa kiume: Upepo na mdogo wake. Siku ya maziko, akiwa ameshikwa mikono huku na huku, alimuuliza Spana swali moja.

"Kaka, mwanangu alisema lolote? Alilalamika popote?"

Spana akajibu, "Hapana, mama. Alikuwa mzima kabisa."

Naomba jibu hilo mlishike. Alikuwa mzima kabisa.

Baada ya hapo Spana alianza kwenda kwa mama huyo kila Ijumaa. Kila Ijumaa, bila kukosa. Alimtengenezea pedali ya cherehani. Alimrekebishia mlango uliokuwa unaburuza chini. Mama akamzoea. Akawa anamwekea chai. Siku moja akamwambia, "Kaka, wengine wote walishasahau njia ya hapa. Umebaki wewe." Mkewe Spana anasema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, hakuingia ndani mpaka chakula kikapoa.

"Nilidhani ni majonzi tu," mkewe aliniambia. "Lakini alikuwa anaharibika, na mimi nikimwona. Mteja alirudisha gurudumu, limepinda. Mume wangu! Gurudumu lililopita mikononi mwake likarudi limepinda! Nikamwuliza, 'Baba nanihii, una nini?' Akasema, 'Macho.' Nikamwambia akapime macho. Hakwenda."

Klabu nayo ilikuwa inaharibika. Wazazi wengine waliwatoa watoto wao. Timu ilifungwa Machi, ikafungwa Aprili. Mei hawakutimia kumi na mmoja. Mwenyekiti, ambaye ni kinyozi, alitaka wafunge mlango mpaka mwakani. Ni mama yake Upepo aliyekataa. Alikuja ukumbini kwa miguu yake akasema, "Mkifunga, mwanangu atakuwa amefia nini?" Kisha akamshika mkono mwanawe wa pili, kijana wa miaka kumi na saba, akamkabidhi kwa Spana. "Huyu hapa. Mpe jezi ya kaka yake."

Spana alimpa jezi namba saba. Angesema nini?

Julai, siku ya mazoezi, jua bado lipo juu. Kijana alikimbia na mpira pembeni, akapiga krosi, kisha akainama. Mikono magotini. Alipoinua kichwa alisema, "Kocha, kifua kinabana kidogo."

Spana alipuliza filimbi. Akapuliza tena, na tena, mpaka akina mama wa netiboli wakatoka ukumbini kuangalia kuna nini. Akasema mazoezi yamekwisha. Kesho yake aliita mkutano wa wanachama wote, na akaenda mwenyewe kumwomba mama aje.

Watu kama arobaini walikuwepo. Spana alisimama karibu na meza ya drafti. Niliyoyasikia nimeyapata kwa watu watatu tofauti, na wote wanasimulia vilevile.

Alisema: "Februari, wakati wa mapumziko, Upepo alinifuata. Aliniambia, 'Kocha, kifua kinabana.' Nilimwambia ni pumzi tu. Nikampa maji. Nikamwambia malizia dakika ishirini, halafu nitakutoa. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na yeye. Mama, uliniuliza, nikakudanganya. Jana mdogo wake aliniambia neno lilelile."

Spana akaendelea: "Ningeweza kumpeleka huyu kijana kupimwa kimyakimya. Lakini daktari atauliza kaka yake alikufaje. Na anayejua ni mimi."

Mama alinyanyuka. Alimtazama Spana, wanasema, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akatoka. Mwanawe alimfuata, na alipofika mlangoni alivua jezi namba saba akaitupa chini.

Walipiga kura palepale. Mikono thelathini na mmoja ilisema Spana aondoke kwenye ukocha. Mikono minne ilisema abaki. Mkewe alikuwepo. Nilimwuliza yeye alinyoosha mkono upande gani. Akasema, "Sikunyoosha. Ningenyoosha upande gani, baba? Mimi pia ni mama."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kama kusingekuwa na mtu mwingine, hadithi ingeishia hapo, na pengine tungekuwa na kaburi la pili la kijana. Maana mama alijifungia. Hakutaka kusikia Ghalani, hakutaka kusikia Spana, na alichosema Spana hakutaka kukiamini hata kidogo. Mwanawe akajiunga na timu ya mtaa wa pili. Akaendelea kukimbia.

Aliyekwenda kugonga mlango ule ni muuguzi, mlinzi wa goli wa netiboli pale klabuni. Alikwenda mara tatu. Mara mbili hakufunguliwa. Mara ya tatu aliongea akiwa nje, mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Mama, mchukie Spana. Nichukie na mimi ukitaka. Lakini ugonjwa hauna habari na chuki yako. Mtoto apimwe."

Mlango ukafunguliwa.

Kijana alipimwa moyo mwanzoni mwa Agosti. Msuli wa moyo wake ni mnene kupita kiasi. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo, na kwamba inawezekana sana kaka yake alikuwa nao. Alimkataza mpira. Akamwanzishia dawa. Kijana yupo hai leo. Narudia, kijana yupo hai. Ila hachezi tena, na hilo linamuuma. Aliniambia, "Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini nilikuwa nina mbio kuliko kaka."

Spana aliletewa habari hiyo na muuguzi, akiwa kibandani kwake anaziba tairi. Alikaa chini kwenye vumbi. Akauliza jambo moja tu: "Mama amepokeaje?" Muuguzi akamwambia, "Amelia. Hajakutaja."

Hakutajwa Agosti. Hakutajwa Septemba. Ijumaa zikapita. Vibandani watu walipunguza sauti akipita. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa anafika Ghalani kabla ya wote, anafagia, anapanga viti, anaondoka kabla timu haijaingia. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemfukuza.

Novemba upepo mkali ulipita, ukang'oa mabati matano upande wa akina mama wa netiboli. Mwenyekiti akasema watatafuta fundi wa paa. Spana alikuja na ngazi yake. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, acha, hii si kazi ya baiskeli." Spana akacheka, na wanasema ni mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu Februari. "Mmeniondoa ukocha," akasema. "Hamkuniondoa nyundo."

Alipigilia mabati manne. Alipokanyaga kwenda la tano, kenchi, mbao inayobeba paa, iliyokuwa imeliwa na mchwa, ilikatika.

Alianguka ndani ya ukumbi, kwenye sakafu ya saruji. Hiyo ilikuwa Jumapili. Alikaa hospitali siku mbili. Alikuwa anaongea, lakini kwa shida. Mkewe anasema hakusema maneno makubwa. Aliuliza kama ngazi imerudishwa nyumbani. Aliuliza bati la tano. Jumanne asubuhi, kabla ya saa nne, alifariki.

Niliwaahidi mama mmoja. Ni yeye, mama yake Upepo. Nilimkuta anashona, hakusimamisha cherehani. Nilimwambia kama hataki, nitaondoka. Akasema, "Kaa. Wataongea wengine, watanisingizia."

Kisha akaniambia hivi: "Watu wanauliza kama nimemsamehe. Sijui. Amenichukulia mmoja, akanirudishia mmoja. Hesabu hiyo mimi siiwezi. Jumatatu nilisikia ameanguka. Nikasema nitakwenda kesho, saa ya kuona wagonjwa. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia, moja baya na moja zuri. Jumanne saa kumi nikaingia wodini. Nikakuta kitanda kimetandikwa upya."

Nikamwuliza maneno hayo yalikuwa yapi.

Akasema, "Yalikuwa yake. Siyasemi redioni."

Kwa mke wa marehemu na mabinti zake wawili, poleni sana. Kwa wanachama wa Ghalani, mliopiga kura hii na mliopiga ile, poleni. Na kwako mama, unayetusikiliza ukiwa kwenye cherehani, pole kwa mwanao. Pole pia kwa safari ile ya Jumanne.

Wasikilizaji wapendwa, kazi yangu ni maneno, na leo sina mengi ya kuwaachia. Mwanao, mchezaji wako, mfanyakazi wako akikwambia anaumwa, mwamini kwanza. Na kama umekaa na neno la mtu, baya au zuri, mpelekee akiwa bado anaweza kukujibu.