Shavu la Bi Bado

Tarehe 30 Juni, saa sita mchana, msimamizi wa tanuri la karakana yetu ya ufinyanzi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo, na wengi wetu tutalisikia kwa mara ya kwanza litakapotajwa. Kwetu sisi yeye ni Bi Bado. Wapo watoto wa wanachama waliokua, wakaoa na kuolewa, wakiamini kwamba alizaliwa nalo.

Jina hilo alijipatia kazini. Alikuja hapa kama mfagizi wa muda, miezi mitatu tu, akitoka kwa dobi alikokuwa akipiga pasi. Kwa dobi mtu hujifunza kutofautisha shuka iliyokauka na shuka inayodanganya. Mkono uliozoea joto la pasi hudanganyika, shavu halidanganyiki. Unailaza nguo shavuni, na ukisikia ubaridi ujue bado ina maji. Wiki yake ya pili alisimama na ufagio mbele ya mabakuli ishirini yaliyopangwa kuingia motoni, akainua moja, akalilaza shavuni, akasema bado. Mwalimu aliyeianzisha karakana hii, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akawasha moto. Kabla ya adhuhuri mabakuli kumi na manne yalikuwa yamepasuka kama bisi, maana maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke hutafuta mlango popote. Siku hiyo Mwalimu alimpokonya mfagizi ufagio akafagia vigae mwenyewe.

Tangu hapo hakuna chombo kilichoingia motoni bila kupita shavuni mwake. Kila Alhamisi alasiri, jua likiwa limefika madirisha ya nyuma na vumbi la udongo likielea kana kwamba halina haraka ya kutua, Bi Bado alipita kwenye rafu amefumba macho. Alinyanyua chombo, akakilaza shavuni. Mafundi wazima, watu wenye wajukuu, walisimama wakisubiri hukumu na mikono yao yenye matope. Mara nyingi hukumu ilikuwa bado. Mara chache ilikuwa tayari, na aliyeambiwa hivyo alitembea na tabasamu mpaka nyumbani. Mimi, katibu wa karakana, nilikuwa nikihisi, na sijawahi kumwambia, kwamba chumba kizima kilikuwa kinaota ndoto moja.

Mumewe, dereva wa lori mstaafu, hudai ameoa mke mwenye mashavu ya umri tofauti, la kulia likiwa changa kwa sababu ya kupakwa udongo miaka yote. Na wahenga waliosema mfinyanzi hulia gae walimwona yeye. Maelfu ya vikombe vizuri vimepita mikononi mwake, lakini chai yake anainywea kwenye kikombe cha bati kilichobonyea.

Kisha ukaja ule ugonjwa, na karakana ikafungwa. Waliokuwa wanachama wakati ule wanakumbuka tulivyoondoka kwa haraka. Vyombo arobaini na vitatu vilibaki rafuni vikiwa vibichi, vingine bila midomo, vingine bila mikono. Wahenga walishasema udongo uwahi ungali maji, na sisi tuliuacha ungali maji tukaenda kujifungia majumbani. Tuliamini tutakuta mawe.

Lakini Bi Bado alikuwa na ufunguo. Mara mbili kwa wiki, peke yake, alifungua mlango, akafunua nailoni iliyofunika chombo kimoja kimoja, akanyunyizia maji, akafunika tena. Alifanya hivyo miezi mitano. Niligundua siku moja nikipita barabarani nikamwona kupitia dirishani. Magurudumu yalikuwa yamefunikwa shuka nyeupe kama samani za nyumba ya watu waliosafiri, mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa, naye alikuwa anasogea katikati akizungumza. Nilidhani yuko na mtu. Alikuwa akiviambia vyombo habari za mtaani: nani amepona, nani amejifungua, nani hatarudi. Nilisimama pale mpaka nikasahau nilikuwa nimetumwa dukani.

Nyumba hii ni ya kamati ya mtaa, na kamati ilikuwa imeshaanza kuitamani iwe stoo ya viti na maturubai. Mwenyekiti wake, mkunga mstaafu, si mtu wa maneno mengi. Baada ya miezi hiyo mitano alitupa mwezi mmoja wa majaribio. Sheria za usalama ziandikwe ubaoni mlangoni, na ikivunjwa hata moja, kufuli inarudi na stoo inaanza. Mwezi ukiisha salama, atakuja mwenyewe kuona vyombo vya kwanza vikitoka motoni, na karakana itabaki yetu. Kwa wengi wetu hayo yalikuwa mambo ya burudani ya jioni. Kwa Bi Bado yalikuwa maisha yake. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakutaka nyingine.

Kwa hiyo alijitosa. Madirisha yaliyogandishwa na rangi kwa miaka mingi aliyafungua kwa kisu cha kukatia udongo. Alipiga marufuku kufagia kukavu, tukawa tunapiga deki tu ili vumbi lisipande. Pipa la pamoja, ambamo mabaki ya kila mtu yalirudi kuwa udongo wa wote, alilifunga kwa kamba, na kila mmoja akapewa kopo lake, sifongo lake na kisu chake kwenye mfuko wa kitambaa. Watu kumi kwa zamu, barakoa usoni, sabuni na maji mlangoni.

Lililomshinda mwanzoni ni umbali. Alichora mistari sakafuni kwa chaki. Wafinyanzi wakaitazama, wakaisifu, kisha wakaketi bega kwa bega kama kawaida yao. Kesho yake tulikuta kila kigoda cha pili kimekaliwa na chungu kibichi, kimojawapo kati ya vile arobaini na vitatu. Mfinyanzi anaweza kuikanyaga chaki, lakini hawezi kukalia kazi ya mwenzake. Hivyo tukafanya kazi siku zilizofuata, mtu, chungu, mtu, chungu, tukiwa kimya zaidi kuliko zamani, kama tuliokaribishwa kwenye baraza la wageni wapole. Ni fundi viatu peke yake aliyesahau akakaa, na suruali yake ilitoa ushahidi.

Siku ya sita likatokea lililotokea. Ilikuwa adhuhuri, zamu ya asubuhi imeondoka. Bi Bado alikuwa peke yake rafuni, ameshika mtungi wa fundi cherehani, mwanachama wetu wa siku nyingi. Miaka ishirini na sita ya mazoea haiulizi ruhusa. Alishusha barakoa, akafumba macho, akaulaza mtungi shavuni. Ilikuwa pumzi moja tu. Kisha akashtuka, akanawa uso mpaka shingoni.

Kesho yake asubuhi fundi cherehani alipiga simu kusema ana homa na hasikii harufu ya chochote.

Hakuna aliyekuwa amemwona Bi Bado. Ningekuwa mimi, ningenyamaza, na naliandika hilo bila kujisifu. Yeye alichukua chaki, akaenda kwenye ubao wenye sheria sita, akaongeza ya saba kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala: Usiweke shavu kwenye chungu cha mwenzako. Mimi nimeweka. Kisha akatoka akakaa kwenye ngazi ya nje na kumpigia Mwenyekiti.

Nilimkuta hapo. Nilisimama hatua nne kutoka kwake nikamwomba afute. Nilimwambia anatuua kwa mkono wake, kwamba mtu mmoja na pumzi moja havitoshi kuifanya nyumba hii iwe stoo. Leo nakiri mbele ya wote kwamba hayo yalitoka kinywani mwangu. Hakukasirika. Alisema, “Wewe hukuniona. Lakini kesho ungekishika chombo nilichokishika.”

Mwenyekiti alifika, akasimama mbele ya ubao muda mrefu mno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nausubiri huo mshindo nikiwa nimeshika funguo, tayari kuzikabidhi. Aliisoma sheria ya saba mara mbili, midomo ikitikisika ndani ya barakoa. Kisha akasema:

“Miaka arobaini nimezalisha, na kila siku nilikuwa nawaambia wanawake mficha uchi hazai. Kila mahali ninapokagua naambiwa mambo safi. Hapa ndipo pa kwanza nimeambiwa kilichoharibika. Zamu ya huyo mgonjwa ikae nyumbani siku kumi na nne, na huyu mama pia, nyie wengine endeleeni.”

Akaondoka bila kuaga. Bi Bado alilia pale kwenye ngazi, na sikuruhusiwa kumsogelea.

Akaenda kujitenga katika chumba cha uani, mumewe akimpitishia sahani dirishani na kumpigia honi kwa mdomo kila chakula kikiiva. Fundi cherehani akapona. Hakuna mwingine aliyeugua, naye Bi Bado hakupata hata mafua. Lakini siku ya kuchoma vyombo ilifika yeye akiwa bado ndani, nami nikabaki na tanuri la gesi, vyombo sitini, na mashavu mawili yasiyojua kitu na yasiyoruhusiwa kitu. Vikipasuka, Mwenyekiti angeonyeshwa vigae.

Nilimpigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Wanaonijua wanajua pia malalamiko yangu ya wakati ule: nikivaa barakoa, miwani inaingia ukungu, sioni mbele wala nyuma. Nilikuwa nimemchosha nayo kila mtu. Bi Bado alinisikiliza nikihangaika, kisha akauliza polepole kama miwani yangu ninayo. Akaniambia niwashe moto mdogo kabisa, nizibue tundu la kuchungulia la tanuri, nivue miwani niishike mbele ya tundu. Ikiingia ukungu, udongo bado unatoa maji, nisiongeze moto.

Asubuhi ile sitaisahau. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha juu ya bati, karakana ilikuwa tupu, vyungu vilikuwa vimetulia kwenye vigoda vyao, nami nilikaa mbele ya tundu jeusi nikiishika miwani. Bila miwani ulimwengu wangu ni mawingu matupu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa laini, bila kingo, na sauti yake ilikuwa ikinijia kutoka kwenye simu niliyoilaza sakafuni. Kila nusu saa nilimweleza ninachoona kwa kuileta miwani karibu na pua. Kila nusu saa akajibu bado. Katikati tulizungumza mambo yasiyo na maana, mengine akiyasema kwa usingizi. Karibu saa sita mchana kioo kilitoka kikavu, nikakiangalia mara tatu. Nikamwambia. Safari hii akasema, “Tayari.”

Siku Mwenyekiti alipokuja, vyombo hamsini na tisa vilitoka vizima. Kimoja kilipasuka, nacho kilikuwa changu. Bi Bado alieleza baadaye kwamba hilo halikuhusu maji, lilihusu fundi. Mwenyekiti aliondoka na kikombe kimoja, na habari ya stoo hatujaisikia tena.

Barakoa zilikuja kutoka, pipa la pamoja likafunguliwa, chaki ikafutika sakafuni. Sheria sita za mwanzo nazo zilifutwa. Ya saba Bi Bado alikataa ifutwe, na kila ikififia aliikoleza. Miaka yote hii hajalaza chombo cha mtu shavuni. Miwani yangu ya zamani imening'inia kwenye msumari kando ya tanuri, na kwayo amewafundisha wasimamizi wawili watakaorithi kazi yake. Kazi inakwenda vizuri. Ila alasiri za Alhamisi, jua likifika madirisha ya nyuma, wengi wetu bado tunanyamaza kwa dakika chache bila kujua tunasubiri nini.

Bi Bado, tunakushukuru kwa rafu ulizozilinda, kwa maji uliyotunyunyizia tukiwa hatupo, na kwa mstari mmoja wa chaki uliotuokoa. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na mume asiyepiga honi. Kikombe cha bati tumekuwekea kwenye mfuko, hatukuthubutu kukuzawadia kingine.

Kwa heshima yako Mwenyekiti ameiondoa sheria ya saba kwa saa moja, leo tu. Kwenye meza ndefu kando ya dirisha utakuta vyombo hamsini, kila mwanachama ametengeneza kimoja. Baada ya hotuba utapita, ufumbe macho, na utuambie kipi kiende motoni. Utakachosema bado utarudi kukiangalia Alhamisi ijayo, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hujawahi kuiacha kazi ya mtu njiani.

Programu hii wewe utaisoma ukifika nyumbani, maana mbele ya watu husomi. Kwa hiyo hapa naweza kusema. Leo alfajiri tulikuja sote, fundi cherehani, fundi viatu na Mwenyekiti mwenyewe, tukavilowesha vyombo vyote hamsini.